Ulimi wa Mfuga Nyuki

Mwezi wa Thargelion, siku ya 3

Kila siku nawahimiza wanafunzi wangu waandike walau mistari miwili kabla ya chakula cha jioni. Leo Glaukides, mtoto wa muuza mafuta, akainua mkono na kuuliza kwa adabu zote, "Na ya kwako, mwalimu, tunaweza kuiona?" Darasa zima likaangua kicheko. Sikuwa na la kujibu, mimi ninayelipwa ili niwe na la kujibu kila wakati. Basi nimenunua mafunjo, nimeanza.

Jina langu Damoxenos, kwetu Gela, kisiwa cha Sisilia. Nimeishi hapa Athene miaka ishirini na sita nikifundisha watoto wa watu kusimama mbele ya wenzao na kusema. Wakishajua, wao wanakwenda barazani kuamua vita na amani, na mimi narudi chumbani kula dagaa, maana mgeni mkazi hana ruhusa ya kufungua mdomo barazani. Sinung'uniki. Naandika tu.

Siku ya 5

Joto. Kijana mmoja amezimia katikati ya hotuba ya kusifu uvumilivu.

Siku ya 8

Mji unajichambua kama mchele. Baraza limeamuru kila kijiji kisome orodha yake ya raia, jina kwa jina, na kila jina lipigiwe kura: huyu wetu, huyu si wetu. Baba awe raia na mama awe raia, ndiyo sheria. Sokoni watu wanaangaliana kwa jicho la pembeni. Mwanamke anayeniuzia dagaa akaniambia, "Wewe Mgela una raha yako. Nani atakufuta wakati hujaandikwa popote?"

Nilicheka. Njiani nikaona halikuwa jambo la kuchekesha sana.

Siku ya 12

Asubuhi nilimkuta Euthias ameketi kwenye ngazi. Huyu ni mfuga nyuki wa kijiji cha Lithaia, mtu wa makamo, mikono mikubwa iliyovimba kwa kuumwa. Ameniletea asali miaka kumi na kila mara lazima aniambie imetoka mzinga upi, kana kwamba naijua. Leo hakuwa na asali.

"Mwalimu, wamenitoa."

"Nani kakutoa? Wapi?"

"Kijijini. Jina langu. Nyuki walikuwa wamehama, nikawafuata mpaka mteremko wa juu. Narudi na kundi langu kapuni, nakuta watu wanatawanyika. Namuuliza jirani, kura vipi? Jirani anaangalia viatu vyake."

Kisa nikakipata kipande kwa kipande. Msimu wa baridi kijiji kilichinja ng'ombe wa sadaka, na wajane hawakuona nyama. Mkutanoni Euthias akasimama kumuuliza Kleokritos, mkuu wa kijiji, nyama imekwenda wapi.

"Sikumtukana, mwalimu. Niliuliza paja tu. Ng'ombe ana mapaja mawili ya nyuma, na yote mawili tuliyaona yakiingia kwake. Watu walicheka sana siku ile."

"Na sasa?"

"Sasa anasema mama yangu hakuwa raia. Mama alizaliwa kisiwa cha Lemnos, wazazi wake walipelekwa huko na mji huu huu kulima. Watu wa hapa hapa! Kleokritos anasema ni mwanamke wa kisiwani tu, hana kwao."

"Waliomjua?"

"Wamekufa. Kabaki mjomba Nikeas. Naye ukimwita ukiwa mlangoni, anageukia dirishani."

Njia zake ni mbili, na zote nazijua kwa kichwa. Anaweza kunyamaza. Akinyamaza atabaki huru, lakini mgeni mkazi kama mimi. Ardhi haitakuwa yake, mteremko na mizinga sitini vitakwenda, na wanawe wawili hawatarithi hata jiwe. Au anaweza kukata rufaa mahakamani. Akishinda, jina linarudi. Akishindwa, mji unamuuza utumwani. Mnadani, kama punda.

"Mahakamani nani atanisemea?" akaniuliza.

"Hakuna. Ndiyo sheria, mwenye shauri anasema mwenyewe."

"Mimi?" Akatazama mikono yake. "Mwalimu, mimi huzungumza na nyuki."

Siku ya 14

Amekuja na mkewe, Timarete. Mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Hakukaa.

"Mwalimu, tukinyamaza, mume wangu anakuwa nini?"

"Anakuwa kama mimi."

Akanitazama kuanzia makubadhi mpaka upara. "Na wewe ukoje?"

Nikamwambia. Siwezi kumiliki hata kibanda, chumba hiki nimepanga kwa mjane Hedyle. Siwezi kushtaki bila mdhamini raia. Vita vikija naitwa. Uchaguzi ukija siitwi. Nilisema vizuri, kwa mpangilio. Euthias akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila ubaya wowote, "Nisamehe mwalimu, nakuheshimu. Lakini mimi siwezi kuishi hivyo."

"Ataweza," akasema Timarete. "Mtu huzoea. Watoto wangu wanataka baba, hawataki mteremko. Wewe msomi, niambie mbele yake: ukimfundisha, atashinda?"

Nilipaswa kusema sijui. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kweli na yalikuwa mafupi. Badala yake nikasema, "Maneno ya kumshindia yapo, mama. Ninayo."

Naiandika hapa kwa sababu hakuna atakayeisoma. Miaka ishirini na sita nimetamani kusema mbele ya waamuzi wa mji huu. Leo nimeletewa kinywa cha kusemea, nikakipokea kwa mikono miwili.

Siku ya 15

Rufaa imeandikishwa. Tarehe: mwezi wa Hekatombaion, siku ya 9. Sasa hawezi kurudi nyuma.

Siku ya 19

Euthias hajui kusoma zaidi ya jina lake. Nilimpa sehemu ya kwanza akaigeuza juu chini kwa heshima. Basi tunakwenda kwa mdomo: mimi nasema sentensi, yeye anairudia, mpaka imkae. Anakuja alfajiri kila baada ya siku moja, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Kumbukumbu yake inatisha. Anakumbuka mizinga sitini na tabia ya kila mmoja, hotuba kwake ni mzinga wa sitini na moja. Shida ni usemaji. Anameza mwisho wa maneno, anakata pale ambapo sauti ingepanda. Watu wa Lithaia wanasema kama wanaohofia kumwaga kitu.

"Tena," nasema.

"'Enyi waamuzi, mama yangu...'"

"Usiibane! Fungua kinywa. Sauti ikae juu ya neno."

"Kama unavyofanya wewe?"

"Kama ninavyofanya mimi."

Siku ya 20

Asali kidogo, ya mwaka jana. Mzinga wa karibu na mtini, asema.

Siku ya 27

Leo kafika aya ya nne bila kosa. Nilimkumbatia, nikanuka moshi siku nzima.

Mwezi wa Skirophorion, siku ya 2

Zaatari, maua wanayoyapenda nyuki, imechanua mlimani. Huu ndio wakati wake wa kazi na anaupoteza kwangu. Mwanawe mkubwa ndiye anayeangalia mizinga. Euthias anasema nyuki hawajali nani raia, ila wanajua nani hana haraka.

Siku ya 6

Timarete ameniletea jibini kupitia kwa mumewe, pamoja na salamu: "Mwambie mwalimu watoto wanamcheka baba yao. Anawaita kuja kula kwa sauti ya kisomi." Nilifurahi hata nikala jibini yote.

Siku ya 11

Hedyle, mwenye nyumba, Mwathene wa ukoo mzuri na mdomo mbaya, kanisimamisha ngazini. "Leo nilidhani unagombana na nafsi yako humo ndani. Sauti moja, watu wawili."

Nikamshukuru. Mwalimu anaomba nini zaidi ya hapo? Vijana wa matajiri hawanifikii hivi. Wao wana walimu watatu watatu, wana baba zao, wana midomo yao tangu utotoni, wananikopa hiki na kile. Huyu kaja mtupu na nimemjaza.

Siku ya 12

Glaukides ameandika mistari miwili. Yote miwili inanihusu mimi. Nimemsahihishia nafsi ya pili.

Siku ya 19

Siku mbaya.

Tulikuwa sehemu ya mama, ile nzuri kuliko zote, ambapo mama yake, Philto, anavuka bahari na udongo wa Athene kwenye kitambaa. Kitambaa nimekibuni mimi. Euthias aliuliza, "Lakini hakuwa na udongo?" Nikamwambia angeweza kuwa nao. Aliposema aya ile machozi yalinitoka. Nikasikia mtu akipiga makofi polepole pale chini, kisha akapanda ngazi Aristokhos.

Aristokhos ni mtoto wa Kleokritos. Nimemfundisha miaka minne, na katika wote niliowafundisha, yeye ndiye mwenye kipaji. Kaleta tini. Euthias akachukua kofia yake na kupita pembeni yake.

"Mwalimu, baba kanichagua mimi nishtaki. Nimekuja kukuomba radhi kabla."

"Basi kataa."

"Nikikataa atamtafuta mwingine."

"Unajua vizuri kwamba mama wa yule mtu alikuwa raia."

"Sijui. Wala wewe hujui. Si ulitufundisha tutafute linaloaminika?"

"Nilikufundisha ili uutumikie mji wako, kijana wangu. Siyo ili baba yako ale paja."

Akatabasamu. "Alilila, mwalimu. Lilikuwa gumu." Kisha, akiwa tayari ngazini: "Amejifunza vizuri. Nilisimama chini kitambo kirefu nikimsikiliza. Vizuri mno."

Nimekaa tangu mchana nikijaribu kumchukia na nashindwa. Hata sasa masikio yangu yanamsahihisha na hayaoni pa kusahihisha. Tini nimezigawa kwa jirani.

Siku ya 24

Mjomba Nikeas kaletwa kwa punda ajifunze kuitikia ushahidi wake utakaposomwa. Kaitikia mara tatu. Mara mbili alikuwa anamwitikia punda.

Mwezi wa Hekatombaion, siku ya 1

Mwaka mpya. Euthias hakuja, moshi na mizinga.

Siku ya 7

Mazoezi ya mwisho. Hajakosa neno hata moja. Tumepatana ishara: nikiinua mkono, aendelee, nikishusha, amalize. Akaniuliza kama anaruhusiwa kutaja nyuki mahali popote. Nilisema hapana, waamuzi watamwona mshamba. Alikubali.

Siku ya 9, na ya 10 pia, maana jana sikuweza

Waamuzi walikuwa mia mbili na mmoja, wengi wazee, wengine na mikate yao. Sisi watazamaji tulisimama nyuma ya kizuizi cha miti. Nilipata nafasi mbele kabisa. Timarete hakuwepo, wanawake hawaingii. Alibaki nje kwenye kivuli cha ukuta na wanawe wawili, na nilipompita alinishika mkono kidogo.

Aristokhos alianza. Alivaa joho la kawaida, chafu kidogo kwenye pindo, nami nikajua hilo pindo limefikiriwa. Akasema yeye kijana, hana uzoefu, baba yake mgonjwa. Sauti ya Lithaia tupu, ile ya kubana, ambayo kwangu hakuwahi kuitumia hata siku moja. Mashahidi wake wawili tu. Kisha akasema:

"Wazee wangu, sitawachosha. Mama yake alitoka ng'ambo, hilo hata yeye hakatai. Kwamba alikuwa nani huko ng'ambo, mimi sijui, sikuzaliwa. Ninachowaomba ni kimoja. Atakaposimama, msimsumbue, msimpigie kelele. Msikilizeni tu. Masikio ni yenu."

Akaketi. Maji ya kumpimia muda yalikuwa yamebaki nusu mtungi.

Sikuelewa. Niliwahi kuwafundisha kwamba mwamuzi anapenda zaidi ushahidi alioupata mwenyewe kuliko aliopewa. Nikaona anatumia somo, sikuona analitumia kwa kitu gani.

Euthias akapanda jukwaani. Akanitafuta kwa macho, nikainua mkono. Akaanza.

"Enyi waamuzi, mama yangu..."

Nikaisikia. Mungu wangu, nikaisikia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye mwili mwingine, na ilikuwa ya Gela. Ile sauti pana, ile ya kuvuta neno na kulipandisha mwishoni kama mnadi wa bandarini kwetu. Siku zote nilidhani nimeiacha baharini. Miaka ishirini na sita hakuna aliyenionyesha. Wanafunzi walidhani ndio usomi, Hedyle alidhani najua. Na mfuga nyuki wa Lithaia, ambaye babu wa babu yake alizikwa chini ya mizinga ile, alikuwa anawaomba Waathene wamtambue kwa sauti ya Mgela.

Kwanza walisikiliza. Kisha nikaona vichwa vinageukiana. Mzee mmoja wa mstari wa pili akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kutosha, "Huyu kashuka meli gani?"

Mwingine akadakia, "Kashuka leo, nguo hazijakauka!"

Kicheko kikapita kwenye mabenchi yote. Euthias akakunja uso. Nilimfundisha kwamba wakikupigia kelele usibane sauti, ifungue zaidi. Akaifungua zaidi. Mwanafunzi gani mtiifu namna ile! Kila walivyocheka, ndivyo alivyosema vizuri zaidi, kwa maana yangu ya vizuri. Akafika kwenye udongo na kitambaa. Mtu akapiga kelele, "Udongo wa Sisilia huo!"

Aristokhos hakucheka. Alikuwa anatazama magoti yake.

Nilitaka kupiga kelele: sema kama kwenu! Waambie habari za nyuki! Neno moja la kwao lingetosha, mwite hata mwanao aje kula kwa mdomo uliozaliwa nao. Kinywa kilishafunguka. Lakini ningesema kwa sauti gani? Ile ile. Mia mbili na mmoja wangegeuka, wangeniona mimi Mgela nikimpa maneno, na lingekuwa limekwisha hapo hapo. Nikakifunga. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kizuizi. Yeye ananitazama, anangoja ishara, aendelee au amalize, na mimi sikujua. Sikuinua, sikushusha. Nilimwacha peke yake pale juu.

Akaendelea mpaka neno la mwisho. Hakukosa hata moja.

Ushahidi wa Nikeas ukasomwa. Mzee akaitikia mahali pake, kwa sauti safi ya kijijini. Mwamuzi mmoja akasema, "Huyo mjomba namwamini. Mpwa ndiye simjui."

Kura: mia moja na ishirini na tisa dhidi yake, sabini na mbili upande wake.

Walipomshika hakupinga. Alipopita karibu na kizuizi akaniuliza, na kwa sauti ile ile niliyompa, "Mwalimu, nilikosea wapi?"

Nikamwambia hakukosea popote.

Siku ya 11

Sikufundisha.

Siku ya 12

Nimekwenda kwa mdhamini wangu raia, mtu mwema, nikamwomba apeleke ombi barazani. Akanimiminia divai, akaniuliza habari za magoti yangu. Kisha akasema, "Damoxenos, hukumu ni hukumu. Nawe usionekane onekane sana siku hizi. Watu wanauliza ni nani aliyemwandikia."

Nikanywa divai. Hilo nalo liandikwe.

Siku ya 13

Nimekwenda Lithaia kwa miguu. Kijiji kimefunga milango, si kwangu tu, hata wao kwa wao. Kleokritos yuko juu mteremkoni na watu wake wakihesabu mizinga. Hawajui kazi, wamevuruga nyuki, jirani mmoja kavimba jicho. Timarete yuko kwa kaka yake. Nilisimama uani. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, na nilipomwona yote yaliniacha.

"Mama, ni mimi. Ni sauti yangu. Nilimpa sauti yangu."

"Najua. Nje tulisikia." Alikuwa anakamua nguo, hakuacha. "Nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Nilidhani huko mahakamani wote mnasema hivyo. Watoto walicheka na mimi nikawapiga. Nikawaambia, baba yenu anajifunza kuwa raia."

Mwanawe mkubwa alitoka ndani, akaniangalia, akarudi ndani.

"Mnada lini?" akauliza Timarete.

"Siku ya kumi na nane."

"Mimi siendi. Wewe nenda. Awepo mtu anayemjua."

Siku ya 15

Wanafunzi wamerudi, wawili pungufu. Glaukides amesoma zoezi lake. Nikasikiliza jinsi anavyovuta maneno, nikamwambia akae chini. Akauliza kakosea wapi. Wote wananiuliza swali moja.

Siku ya 16

Nimekusanya kila nilichonacho. Nikifanikiwa kumnunua nitamwachia huru papo hapo, na atakuwa mgeni mkazi, kama mimi, kile alichokikataa. Nimekaa naomba apate hicho.

Siku ya 18

Mnada ulikuwa asubuhi, sokoni, pembeni ya wauza vyungu. Alikuwa wa nne. Mbele yake punda wawili na mwanamke wa Thrake.

Kwa mawakala wa migodi ya fedha akiba yangu ilikuwa kicheko. Nilitaja kiasi changu, wakala mmoja akataja chake bila kunitazama, nikataja vyombo vyangu vya nyumbani juu yake, watu wakacheka. Mkono wangu ulibaki juu ingawa sikuwa na cha kutaja. Mnadi, ili bei ipande, akamgeukia Euthias.

"Sema basi, wakusikie. Unajua kazi gani?"

Euthias alikuwa haangalii mnadi. Alikuwa kamwona jirani yake wa Lithaia kwenye umati, yule aliyetazama viatu. Akamwita kwa jina na kusema, haraka haraka, akibana, akimeza miisho, kama wanavyosema kule juu tangu mawe yalipowekwa:

"We, sikia. Mizinga ya juu ifungueni kabla zaatari haijakauka, na muwaachie nusu, msikombe. Wa karibu na mtini mkali, moshi kidogo tu. Kleokritos hajui. Mwambie mwanangu asigombane naye, amfundishe. Nyuki wasife kwa ajili ya ugomvi wa watu."

Watu wote waligeuka. Hata muuza vyungu aliacha kugonga. Mzee aliyesimama ubavuni mwangu, kibao chake cha mwamuzi bado kinaning'inia shingoni, alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilimtambua. Mstari wa pili.

"Lakini huyu ni mtu wa huku," akasema. "Huyu wa milimani kwetu kabisa. Mtoto mdogo angejua. Nani kamleta hapa?"

Wakala akaweka alama yake, wakamfunga kamba, wakampeleka upande wa barabara ya migodini. Hakuniona. Nataka kuamini hakuniona.

Mzee akanigeukia, macho yamemjaa maji, anatafuta mtu wa kumwambia. "Wewe bwana ulikuwepo kwenye kesi? Ilikuwaje?"

"Nilikuwepo, mzee," nikasema.

Akaisikia. Akanitazama vizuri, kichwa upande, jinsi watu wa hapa wanavyofanya, na nikagundua kuwa wamenifanyia hivyo miaka yote.

"Ah, wewe mgeni. Kwenu wapi?"

"Gela."

"Na hapa kwetu unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nafundisha watu kusema.